Kurasa Mbili Tupu za Kitabu cha Kwaya

Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu kutoka duka la uchapaji pale mtaa wa Hai Cinema, hapa Juba. Jina lake silitaji, mama yake ni rafiki yangu. Sauti yake ilijaa furaha ya mtu aliyekuokotea pochi barabarani.

"Mama Poni, nimefungua faili yako ya kitabu cha kwaya," akasema. "Katikati kulikuwa na kurasa mbili hazina kitu. Nimekufutia."

Nilimshukuru kwanza, kwa sababu nililelewa vizuri. Kisha nikamwomba azirudishe kurasa zangu, aondoe mkono kwenye kompyuta, akanywe chai. Akataka kujua sababu. Nilianza kumweleza, simu ikakatika, nikaona heri niandike, maana ninyi nyote mnaoshika kazi hii siku hizi mna ugonjwa mmoja: mnapenda mno kusaidia.

Kwa asiyenijua, mimi ni Poni, nimestaafu, na miwani yangu sasa ni minene kama sehemu ya chini ya chupa. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa na kuandaa faili za kupelekwa kwa mchapaji. Mwandishi anaandika, mchapaji anachapa, na katikati yao yuko mtu ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka kitabu kitoke kimeharibika. Huyo ndiye mimi. Siku hiyo kila mtu analijua jina langu.

Nilikulia Nairobi, kwa kuwa wazazi wangu walikimbia vita vya kwetu Sudan. Kazi nilifundishwa na mwanamke mmoja wa Industrial Area aliyeitwa Wambui, mnene, mcheshi, mwenye rula ya chuma ambayo hakuwahi kumpiga mtu nayo, ila aliipigia meza mpaka sisi wenyewe tukasikia maumivu. Wiki yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa kompyuta. Alinipa karatasi nizikunje. Nizikunje katikati, niziingize moja ndani ya nyingine, niandike namba za kurasa, kisha nizitawanye tena mezani nitazame namba zilivyokaa. Ukurasa wa kwanza unalala karatasi moja na ukurasa wa mwisho. Wa pili unalala na ule ulio kabla ya wa mwisho. Nilidhani ananiadhibu.

"Poni," aliniambia, "mchapaji hajui unataka nini. Yeye anajua tu umemtumia nini."

Maneno hayo yamenilisha miaka yote, nami nawarithisha ninyi.

Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi tukarudi Juba, mji ambao niliujua kwa hadithi za mama tu. Nilipata meza ndani ya kontena huko Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, nyuma ya ofisi za watu wa misaada. Ndege zikishuka, chai ilikuwa inatetemeka kikombeni. Mashine ya kuchapa kitabu mjini hatukuwa nayo, kila kitu kilikwenda Kampala au Nairobi. Intaneti ilikuwepo, ya sahani ile kubwa iliyokaa juu ya paa, lakini ukituma faili ya picha inakwenda robo, inakwenda nusu, unaanza kutabasamu, halafu mwenye jenereta anakumbuka kwamba mafuta yamekwisha. Ninyi mnaotuma kitabu kizima kwa simu mkiwa mmelala hamjui tabasamu lile lilivyokuwa linakufa.

Kwa hiyo faili zilikuwa zinasafiri na watu. Asubuhi unakwenda kituo cha mabasi ya Kampala na CD yako ndani ya bahasha, unatazama nyuso za abiria. Unamtafuta mtu ambaye hatalewa njiani wala hataiweka bahasha juani kwenye kioo cha mbele, maana CD ikipigwa na jua la Nimule, kule mpakani, inajikunja kama chapati. Ukimpata, unampigia mchapaji unamweleza alivyo, ili akampokee. Siku moja nilimwambia Kizito, mchapaji wangu wa Kampala, amtafute mwanaume mrefu mwenye shati jeupe.

"Nyabo," Kizito akanijibu, maana ndivyo Waganda wanavyomwita mama, "hii basi yote kutoka Juba ni wanaume warefu na shati nyeupe. Ongeza kitu ingine."

Kuhusu urefu huo, kuna kalenda ya vijana wa mpira wa kikapu ambayo sitaisahau. Walipigwa picha wamesimama mstari mmoja, na mimi nikaona fahari kuijaza picha ukurasa mzima, vichwa vikakaribia ukingo wa juu. Wachapaji wanachapa kwenye karatasi kubwa, halafu kisu kinakuja kukata. Kisu hakina macho. Leo kinakata kwenye mstari, kesho kinaingia ndani kidogo. Kalenda zikafika, wachezaji wawili warefu kuliko wote hawana vipaji vya uso. Yule mfupi, anayekaa benchi mechi zote, ametoka mzima, nywele zake zote zinahesabika. Nahodha akaibandika kalenda ukutani kwenye klabu yao, akachukua kipande cha mkaa, akachora kichwa chake kilichobaki juu ya ukuta. Ilikaa hivyo mwaka mzima, na wageni walikuwa wanapelekwa kuiona.

Basi mshike hili: picha inayofika ukingoni izidisheni, ipite mstari wa kukatia, milimita tatu kila upande, kisu kipate cha kula. Na kitu mnachokipenda kikae ndani, mbali na mstari. Kwa watu wetu, vichwa viwekeni mbali zaidi.

Na rangi msiziamini. Kioo cha kompyuta kinawaka, karatasi haiwaki. Bluu ya bango moja niliyoipenda kwenye kioo ilirudi kutoka Kampala ikiwa zambarau, mwenye bango akafikiri nimempambia Kwaresima.

Sasa nije kwenye kitabu cha kwaya.

Kanisa letu liko Jebel, chini ya mlima Jebel Kujur. Miaka ile ya kurudi, kwaya ilikuwa na mabenchi mawili. Benchi la kushoto walikaa waliorudi kutoka Kenya na Uganda, wanaimba Kiswahili na Kibari, lugha ya wenyeji wa Juba, na kusoma herufi hizi tunazosoma mimi na wewe. Benchi la kulia walikaa waliobaki Juba wakati wa vita pamoja na waliorudi kutoka Khartoum, wanaimba Kiarabu na kukisoma kwa herufi za Kiarabu. Nyimbo nyingi zilikuwa zilezile, tuni ileile. Lakini mchungaji akitaja wimbo, benchi hili linaanza na maneno yake, benchi lile linaanza na yake, na katikati mpiga ngoma hajui amfuate nani. Wa kushoto wakaanza kusema wale wanaburuza. Wa kulia wakasema hawa wanakimbia hata kanisani. Mchungaji alichoka. Akatangaza kwamba kama mpaka Krismasi mambo ni hayohayo, atafanya ibada mbili na kwaya mbili, kila mtu na watu wake.

Kiongozi wa kwaya alikuwa Mama Kiden, mwanamke mwembamba, mkali, ambaye hakutoka Juba siku hata moja ya vita. Mdogo wake, Roda, ndiye aliyekimbilia Uganda akiwa msichana. Walipoteana miaka mingi, kila mmoja akijua mwenzake amekufa. Roda aliporudi, Mama Kiden alichinja mbuzi. Wakawa wanalala nyumba moja na kula sahani moja, na Kibari chao nyumbani hakikuwa na shida. Ila Jumapili kila mmoja anakwenda benchi lake, kwa sababu mkubwa anasoma herufi za Kiarabu tu na mdogo hajui hata moja.

Mama Kiden alinijia pale kontena, akakaa bila kukaribishwa.

"Ya Poni," akasema, "Mungu alinirudishia dada yangu, na sasa mchungaji anataka kumpeleka kwenye ibada ya saa nne na mimi niende ya saa mbili. Nitengenezee kitabu kimoja. Kitabu kimoja cha watu wote, kabla ya Krismasi."

Nikasema sawa. Ni rahisi kusema sawa.

Programu yangu ya kupanga kurasa haikujua Kiarabu. Niliingiza maneno, nikaona mikunjo na nukta, nikaona inapendeza, maana mimi mwenyewe Kiarabu cha kusoma sina. Nikachapa ukurasa mmoja nikampelekea Mama Kiden. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"De sunu?" akaniuliza. Hiki ni nini?

"Wimbo wa kwanza, Mama."

"Ya bineya, binti wewe, herufi za Kiarabu zinashikana mikono. Hizi umezitenganisha zote, na zinatembea kinyumenyume." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ninyi mlikimbia vita. Herufi nazo umezipeleka ukimbizini?"

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya kontena kulia kidogo, kwa sababu ilikuwa tayari Novemba. Dawa yake ilikuwa kutafuta mpiga chapa mwenye kompyuta ya Kiarabu, akapanga kila ukurasa, akanipa PDF, nami nikauweka mzima ulivyo bila kugusa herufi hata moja. Lugha usiyoisoma usiikate, usiivute, na usiipunguze ili ienee. Iachie nafasi yake. Na mwenye lugha aipitie kwenye karatasi, si kwenye kioo.

Hapo tukafika kwenye jalada. Tulikutana kanisani mabenchi yote mawili, nikauliza jambo ambalo nililiona la kawaida tu: picha ya msalaba iwe upande upi? Watu wa kushoto wakaonyesha mbele. Watu wa kulia nao wakaonyesha mbele. Mbele ya hawa ilikuwa nyuma ya wale, kwa kuwa kitabu cha Kiarabu kinafunguliwa kutoka kulia. Zogo likaanza. Mzee mmoja wa benchi la kulia akasema hajavuka miaka yote ile ya vita ili aje aanze kitabu cha Mungu mkiani. Roda, ambaye kwa kawaida hazungumzi, akajibu kwamba na yeye hakutembea kwa miguu kutoka mpakani ili apewe mkia. Mama Kiden akamtazama mdogo wake.

Nikamkumbuka Wambui. Nikaomba karatasi, tena zile za matangazo zilizokwisha tumika, nikazikunja katikati, nikaziingiza moja ndani ya nyingine. Nikasimama mbele yao nikafungua kutoka kushoto: hapa Kiswahili na Kibari, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikakifunga, nikakifungua kutoka kulia: hapa Kiarabu, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, namba zilezile. Hakuna nyuma. Pande zote mbili ni mbele. Mtu akitaja namba, kila mmoja anaingia kwa mlango wake, anakuta wimbo uleule. Na pande hizo mbili zinaendelea mpaka zinakutana katikati.

Mpiga ngoma akapiga ngoma mara moja, pu, na hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

Kitabu kinachofungwa kwa pini mbili mgongoni lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa nne, utake usitake. Nilipohesabu zangu, zikabaki mbili, palepale katikati pande mbili zinapokutana. Benchi la kushoto likasema liongezewe wimbo. La kulia vilevile. Mama Kiden akainua mkono.

"Hizo ni zangu," akasema.

Kulikuwa na wimbo wa mama yao, wa Kibari, aliokuwa akiuimba walipokuwa wadogo. Mama Kiden alikumbuka mwanzo wake. Roda alikumbuka mwisho. Sehemu ya katikati hakuna aliyeikumbuka, na walikuwa wakiitafuta kila siku jikoni tangu Roda arudi. Nikawaambia faili inaondoka kesho, wanipe walicho nacho nikipige chapa. Mama Kiden akakataa.

"Wacha nafasi. Tutaandika wenyewe wimbo ukirudi mzima."

Nikatengeneza dami. Dami ni kitabu cha mfano, unakikunja na kukipiga pini kwa mkono wako, kila ukurasa mahali pake, ili mchapaji akishike aone unachotaka badala ya kubahatisha kwenye kompyuta. Yangu niliipamba. Niliivika jalada gumu pande zote mbili, nikachora misalaba miwili. Pamoja na CD nikampa Mama Betty, mama wa Kiganda aliyekuwa akileta nyanya Juba na kurudi na matenga matupu. Mtu mwaminifu kabisa. Nikampigia Kizito: mama mfupi, matenga ya nyanya, atakuja kesho kutwa.

CD ilifika. Dami haikufika.

Mama Betty alinieleza baadaye, huku akijipigapiga kifua kwa aibu. Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Nimule, askari alipekua mzigo, akaiona dami. Akaifungua. Akaona nyimbo za kwao. Akaanza kuimba palepale, bunduki begani, na wenzake wawili wakaja kumsaidia sauti ya pili. Walipomaliza alimwambia Mama Betty: "Hii kitabu ya Mungu inabaki hapa. Nenda salama." Ungefanyaje? Nilikuwa nimeipendezesha mno, hilo ndilo kosa. Dami itengenezeni vibaya kidogo, iandikeni MFANO kwa kalamu nyekundu ya kuudhi. Ingawa mpaka leo namwombea askari yule, maana inaonekana alikuwa msomaji wetu wa kwanza.

Kizito naye, alipofungua CD bila dami, akafanya aliyonifanyia mwenzenu wiki iliyopita. Akasaidia. Simu yangu ilikuwa na namba za Uganda, ndivyo tulivyokuwa Juba miaka ile, lakini pale Thongpiny ilikuwa inakohoa tu. Nilisikia maneno mawili matatu: "Kiarabu... zote zimeenda nyuma... nimekutengenezea..." ikakatika.

Kama alikuwa amezigeuza kurasa za Kiarabu zifuate mpangilio wa kushoto, wimbo wa kwanza wa Mama Kiden ungekuwa wa mwisho, na kitabu kingekuwa na mkia kweli. Mashine yake ilikuwa yangu siku ile tu, kuanzia kesho yake mpaka Krismasi ilikuwa ya kalenda za watu. Nilichukua bodaboda mpaka Jebel, nikawapitia Mama Kiden na Roda kanisani, tukapanda mawe ya chini ya Jebel Kujur, ambako simu hushika vizuri. Watatu, tunahema, mimi na karatasi mkononi.

"Kizito, umechapa?"

"Bado, nyabo. Mashine inapata moto. Usiogope, ile makosa yako ya Kiarabu nimerekebisha yote."

"Kizito, rafiki yangu, acha kila kitu. Chukua karatasi tatu."

"Karatasi ya nini?"

"Chukua tu. Zikunje katikati. Ingiza moja ndani ya nyingine. Mgongo uelekeze kushoto. Juu andika K, ya Kiswahili." Na mimi nilikuwa nazikunja zangu juu ya jiwe, Roda amezishikilia upepo usizipeperushe. "Umeandika? Sasa geuza kitabu, usikipindue kichwa chini. Upande wa nyuma andika A, ya Kiarabu. Ukurasa wa kwanza wa Kiarabu ni huo huo, chini ya A. Fungua kutoka hapo. Wa pili, wa tatu, unakwenda ndani."

Nikasikia karatasi zikichakarisha Kampala.

"Wee!" akasema. "Hii ni vitabu mbili ndani ya kitabu moja."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ile mimi nimerekebisha..."

"Irudishe."

"Sawa nyabo, narudisha. Lakini katikati hapa kuna page mbili hakuna kitu. Hii sasa ni kosa. Niweke tangazo ya kadi ya harusi? Naweka bure."

Kabla sijajibu, Roda alinyang'anya simu. Msimwone mtu mpole mkafikiri hana maneno. Alizungumza naye Kiswahili cha Uganda alikokulia, akimwita ssebo, yaani bwana.

"Ssebo, sikiliza. Mimi iko na dada yangu hapa. Vita ilitutenga, yeye anasoma yake, mimi nasoma yangu. Hiyo page mbili ni ya wimbo ya mama yetu. Bado tunaitafuta. Tukiipata tutaandika na kalamu. Wewe ukiweka harusi hapo, mimi nitakuja Kampala na miguu."

Mama Kiden hakuelewa yote, lakini alielewa miguu. Alitingisha kichwa kwa nguvu, kana kwamba Kizito anamwona.

Kizito akauliza swali la mtu anayeijua kazi yake. "Mtaandika na kalamu? Basi karatasi ya kung'aa hapana. Itakataa wino, itapaka mikono. Naweka ile ya kawaida, ya daftari. Kitabu yote nabadilisha, iwe moja." Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilimpenda pale pale.

Vitabu vilifika na matenga ya nyanya wiki moja kabla ya Krismasi, vinanuka wino na nyanya kidogo. Nilifungua kimoja kutoka kushoto, nikakifungua kutoka kulia. Kila kitu mahali pake. Nilikaa chini kwenye vumbi la kituo cha basi, mimi mama mzima, nikacheka peke yangu.

Krismasi mchungaji alitaja namba tu. Kila mtu akaingia kwa mlango wake. Sauti bado zilikuwa mbili, Kiarabu huku na Kiswahili kule, lakini beti zilianza pamoja na zikaisha pamoja, na mpiga ngoma kwa mara ya kwanza alipiga amefumba macho. Mama Kiden aliondoka benchi lake, akaenda kukaa karibu na Roda. Walishika kitabu kimoja. Walipofika katikati, kwenye kurasa tupu, Mama Kiden akaanza wimbo wa mama yao kwa kichwa, akafika alipoishia, akanyamaza. Kwaya ikavumisha tuni bila maneno, kwa kuwa hakuna aliyeyajua. Kisha Roda akaingia na mwisho. Mchungaji alitoa kitambaa. Hakukuwa tena na habari ya ibada mbili.

Sehemu ya katikati haijapatikana mpaka leo. Siku ileile baada ya ibada, Mama Kiden aliandika mwanzo kwenye ukurasa wa kulia, Kibari kwa herufi za Kiarabu. Roda akaandika mwisho kwenye ukurasa wa kushoto kwa herufi zetu. Katikati wakaacha mahali pa kuvumisha. Na wengine wote wakataka na wao. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo mimi, pamoja na ujanja wangu wote wa kukunja karatasi, sikulipanga: hakuna mtu mmoja aliyeweza kuandika kurasa zote mbili. Wa benchi la kushoto ilibidi aende benchi la kulia kuomba aandikiwe. Wa kulia ilibidi avuke vilevile. Mchana kutwa watu walikuwa wanabadilishana vitabu na kalamu, wanaulizana majina, na yule mzee wa mkia nilimwona amekaa na mvulana aliyekulia kambi ya Kakuma, Kenya, anamshika mkono kumwonyesha nukta inakaa wapi.

Ikawa ndiyo desturi. Ukiingia kwaya unapewa kitabu, na kazi yako ya kwanza ni kumtafuta mtu wa upande wa pili. Nimeombwa mara nyingi niupige chapa wimbo ule, ukae vizuri, herufi safi. Mama Kiden hataki, na mimi siku hizi sitaki pia. Vita viliporudi, wengi walivichukua vitabu vyao wakakimbia navyo tena, na ndiyo sababu tunachapa upya, safari hii hapahapa Juba, kwenye mashine zenu, bila nyanya.

Kwa hiyo, mwanangu wa Hai Cinema, rudisha kurasa zangu mbili. Ukizifuta hata hesabu ya nne haitatimia, ungekunja karatasi ungeona. Tumia karatasi inayokubali wino. Na ninyi wengine, mkikuta kitu msichokielewa kwenye faili ya mtu, pigeni simu kabla ya kusaidia.

Kitabu cha kwanza kikitoka, kichukue wewe mwenyewe. Jumapili njoo nacho Jebel, uje na kalamu. Ukurasa wa kushoto nitakuandikia mimi. Kwa ule wa kulia muulize Mama Kiden, yuko benchi la mbele. Mkono wake unatetemeka siku hizi, lakini herufi zake bado zinashikana.